Chembe ndogo hivyo inaonekanaje kwenye ultrasaundi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nafundisha fizikia sekondari moja hapa Masasi. Shangazi yangu anatibiwa saratani ya titi Ocean Road, na mwanawe amenitumia video inayosema kuna chembe za nano zinazochomwa kwenye damu, zinautafuta uvimbe zenyewe, zinaonekana kwa ultrasaundi, kisha zinamwaga dawa hapo hapo. Mimi hesabu ndiyo inanigomea: kitu cha nanometa 200 kitarudishaje mwangwi? Na tiba hiyo ipo kweli?

JIBU: Nzuri, Mwalimu, na pole kwa kuuguza. Hesabu yako iko sawa. Video ndiyo imeruka hatua. Sauti husafiri mwilini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde. Kwa probu (kifaa cha ultrasaundi kinachogusishwa kwenye ngozi) ya megahezi 5, urefu wa wimbi ni kama milimita 0.3, yaani mara 1,500 ya chembe hiyo. Na kwa vitu vidogo kiasi hicho nguvu ya mwangwi hufuata kipenyo kwa kipeo cha 6: kipenyo kikipungua nusu, mwangwi unabaki sehemu moja ya 64. Tone la nano la kimiminika, likiwa peke yake, karibu halionekani.

Kinachowaka kwenye ultrasaundi ni gesi, kwa kuwa inabonyea na kutanuka kila wimbi linapopita. Ndiyo maana dawa za kung'arisha picha zilizokwisha kuidhinishwa, kama SonoVue, ni viputo vya gesi. Inakuja ikiwa unga mweupe ndani ya kichupa. Unatia mililita 5 za maji ya chumvi, unatikisa kwa nguvu sekunde 20, basi. Kwa ini, mililita 2.4 zinachomwa kwenye mshipa wa mkono, na baada ya sekunde 10 hadi 20 ateri za ini zinaanza kung'aa kwenye skrini. Saratani iliyoanzia kwenye ini mara nyingi hung'aa mapema, halafu ikafifia kabla ya sehemu nyingine za ini. Nguvu ya sauti tunaiweka chini kabisa, maana ukizidisha, viputo vinapasuka. Gesi yenyewe mgonjwa huitoa kwa pumzi.

Lakini viputo hivyo ni vya mikrometa 1 hadi 10, yaani nanometa 1,000 hadi 10,000. Vinapita kwenye kapilari, mishipa myembamba kabisa ya damu, ila havitoki nje ya mshipa. Cha kupenya mianya ya mishipa ya uvimbe, ambayo hujengwa ovyo ovyo, lazima kiwe kidogo zaidi, na hapo tunarudi kwenye tatizo lako: kinachoonekana hakiingii, kinachoingia hakionekani.

Njia mojawapo ya watafiti ni tone la nano la perfluoropentani, likiwa na dawa. Kimiminika hicho huchemka kwenye nyuzi 29 za Selsiasi, joto ambalo mchana wa kawaida hapa Mtwara unalipita. Ndani ya tone dogo, hata hivyo, mvutano wa uso unakibana kikabaki kimiminika hata kwenye nyuzi 37. Likishaingia kwenye uvimbe, unalipiga kwa wimbi lenye nguvu, linageuka gesi, kipenyo kinatanuka kama mara 5, linaonekana na dawa inaachiwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye akili yote ya jambo hili.

Suala la "kuutafuta uvimbe" limetiwa chumvi. Kingamwili au peptidi (kipande kifupi cha protini) inayobandikwa juu ya chembe ni ndoano, si dira: inanasa ikishafika, na kufika kwenyewe ni kwa mkondo wa damu tu. Uchambuzi wa 2016 wa majaribio ya miaka kumi, mengi ya panya, ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 0.7 tu ya chembe zilizochomwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe.

Kuhusu tiba: doksorubisini, dawa ya saratani, ikiwa ndani ya liposomu (kifuko kidogo sana cha mafuta) iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, lakini haina ndoano wala haihitaji ultrasaundi. Viputo vyenye ndoano, BR55, vilijaribiwa kwa wanawake wenye uvimbe wa matiti na wa ovari, matokeo yakatoka 2017. Hivyo ni vya kupigia picha, havibebi dawa. Chuo Kikuu cha Oxford nacho, 2018, kilitangaza jaribio la wagonjwa 10 wenye uvimbe kwenye ini, ambapo ultrasaundi ya kupasha joto ilitumika kufungua liposomu. Hayo mawili ya mwisho ni utafiti, Mwalimu. Chembe ya kufanya kila kitu kilichosemwa kwenye video haijawa tiba ya kawaida.

Kwa hiyo shangazi asiruke hata kliniki moja. Na mtu akimletea "nano" ya kunywa, asinunue; chembe ninazozieleza hapa huingizwa kwenye mshipa, hospitalini. Huyo kijana mwulize video imetaja hospitali gani inayotoa tiba hiyo. Kwa kawaida hawataji.