Reiki: simu yatosha, au nitafute mwalimu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mkandaji, nakaa Likoni. Nataka kujifunza Reiki, ile njia ya Kijapani ya kumwekea mtu mikono taratibu ili apate nafuu, nimsaidie mamangu. Ana sukari na miguu humuwaka moto usiku. Video za bure ziko tele kwenye simu. Kuna haja ya kumlipa mwalimu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tafuta mwalimu. Mikao Usui, Mjapani aliyeianzisha mwaka 1922 baada ya kufunga na kutafakari mlima Kurama, karibu na Kyoto, aliwafundisha wanafunzi ana kwa ana. Mpaka leo, kwa desturi, daraja ya kwanza, Shoden, hupokewa hivyo: wewe umekaa, macho umefumba, mwalimu yuko mbele yako.

Mimi nilijifunzia Nyali, sebuleni kwa mama mmoja, juu ya mkeka. Siku nyingi alinitaka niweke mikono kichwani mwangu mwenyewe kabla ya kumgusa mtu. Nami nikawa nabonyeza! Akaniinua vidole kimoja kimoja mpaka mkono ukatua tu, bila nguvu. Simu haingeliona kosa hilo, na wewe mkandaji utalifanya siku ya kwanza.

Anayekuahidi daraja zote tatu kwa Jumamosi moja, mpite.

Lakini miguu ya mamako inanitia wasiwasi. Kwa mwenye sukari, huko kuwaka huenda ni neva zinazoumia. Mpeleke kliniki wiki hii, akaguliwe nyayo. Reiki haijathibitishwa kutibu sukari, kwa hivyo asiache dawa hata siku moja. Mikono yako muwekee usiku, akishazimeza.