Mithali kwa tarehe, na imani ya Jumatatu mpaka Jumamosi

Wiki ina masaa 168. Ibada ikiwa ndefu, na sadaka mbili, matangazo na kwaya tatu zinazogombania kuimba, inakula masaa matatu hivi. Mi nauza mchele Mwanjelwa hapa Mbeya na hayo masaa mengine nikitoa ya kulala niko dukani au jikoni, sasa imani nayo itabidi ikae hukohuko maana sina pengine pa kuiweka. Wadogo zangu wa kanisani wananiuliza sana dada unapataje muda wa Neno na biashara hiyo, nimeona niandike tu hapa niache kujibu mmoja mmoja.

Kwanza kama hujawahi kusoma hata wiki moja mfululizo, achana na mpango wa kumaliza Biblia nzima kwa mwaka. Watu wanaanza Januari na moto kweli, Mwanzo wanaipenda, Kutoka wanaipenda mpaka pale jeshi la Farao linapozama, wakifika kwenye vipimo vya hema wanaanza kulegea, na Mambo ya Walawi ndo inawazika. Mi nasoma Mithali kwa tarehe. Ina sura 31, leo tarehe 9 nasoma sura ya 9, basi, nafunga. Uzuri wake ni kwamba hakuna deni. Ukiugua siku tatu huna haja ya kukimbizana na sura ulizoziruka, unashika tarehe ya leo na zile zitakukuta mwezi ujao. (Sura ya 31 ile ya mke mwema inaangukia miezi 7 tu kwa mwaka, wababa poleni.)

Alafu Mithali inaongelea kazi, mdomo, mikopo, majirani, kulala sana, yaani maisha yenyewe. Kwa sisi wa nafaka ndo balaa. Tarehe 11 ukifungua tu aya ya kwanza: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana." Unasema haya, nimesikia. Tarehe 16 inarudi, aya ya 11. Tarehe 20 inarudi mara mbili, aya ya 10 na ya 23. Mara nne kwa mwezi naulizwa kuhusu mizani na mtu ambaye hata hanidai! Na anayejua soko anajua kwa nini inauma, maana kuna sado zimebonyezwa kitako, na kuna mchele wa Kyela unaochanganywa na mwingine wa bei ya chini alafu unauzwa wote kwa jina la Kyela, mteja wa kutoka Dar hawezi kujua mpaka aupike akose ile harufu, na saa hiyo basi lake limeshapita Chalinze. Akiniuliza dada huu ni Kyela tupu, pale pale ndo naona kama nilisoma asubuhi au nilipitisha macho tu.

Soma kwa sauti, hata kama ni sauti ya chini, na usome kabla hujashika simu. Ukishaingia WhatsApp umekwisha, na zile mesej za maombi zinazotumwa na kutumwa tena kwenye magrupu mi sizihesabu kama kuomba, samahanini.

Kuhusu kuomba watu wanadhani mpaka upate saa nzima ya utulivu. Danieli alikuwa mmoja wa wale watatu waliowekwa juu ya wakuu 120 wa ufalme, niambie wewe na mimi nani yuko bize, na bado sura ya 6 inasema alipiga magoti mara tatu kwa siku. Alikuwa na muda wake na sehemu yake, juu kwenye chumba chenye madirisha. Mi yangu nimeifunga kwenye kazi: nikifungua duka, nikikaa kula mchana, na nikimaliza hesabu jioni. Ni dakika chache tu, zingine nimesimama, jioni nataja wateja wanaonidai chenji na wale ninaowadai mimi, hawa wa mwisho kuwaombea mema ni kazi kweli.

Na siku ambayo huna maneno, au una hasira, usijilazimishe kushukuru kwa mdomo. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu "hata lini" mara nne ndani ya aya mbili. Ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, haina hata ule mstari wa mwisho wa kujifariji, na bado imo kwenye Biblia. Msiba ulipotuingia mi nilisoma hiyo kila siku na sikuongeza neno.

Sisi Wamoravian tuna urithi tunaousahau. Kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728 walianza kuwa na neno moja la kila siku, mtu anapita nalo nyumba kwa nyumba, mwaka 1731 likaanza kutoka kwenye kitabu na mpaka leo linatoka kila mwaka. Wamisionari wao walifika huku Rungwe 1891. Kwa hiyo imani ya kubishiwa hodi nyumbani siku ya kazi sio kitu kipya kwetu. Kwangu anayepita na neno ni mtoto wa pili, anachagua aya moja kwenye sura ya siku na kila mtu lazima aisikie kabla ya chai, baba yake akiwa bado anatafuta soksi.

Usiku tunasoma Zaburi moja pamoja, fupi. Wakiwa wamesinzia tunasoma ya 117, aya mbili imeisha. Ya 119 igaweni, ina aya 176 na imekaa mafungu 22 ya aya nanenane, ukiwashushia yote kwa mpigo usiku mmoja kesho hakuna mtoto atakayekuja sebuleni ukiita.