Re: Maji ya moto ya Ziwa Toya yanaponya baridi yabisi?

Mkuu, umeuliza kama umpeleke mama Toyako, mji wa chemchemi za maji ya moto kando ya Ziwa Toya, kisiwa cha Hokkaido, Japani, akaogee maji ya moto, magoti yapone. Kupona, usimwahidi. Nafuu anaweza kuipata: joto hulegeza misuli na viungo, na maji yale yana chumvi, kwa hiyo mwili hubaki na joto muda mrefu hata baada ya kutoka. Dawa zake za hospitali asiziache, na kama ana presha amwone daktari kabla ya safari.

Kinachonifurahisha mimi ni asili ya maji yenyewe. Mlima Usu, volkano iliyo kando ya ziwa, ulilipuka mwaka 1910, na chemchemi zikagunduliwa baada ya hapo. Mlima huohuo ulilipuka tena Machi 2000, lakini watu walikuwa wamehamishwa mapema, hakufa hata mmoja. Yaani mlima unaowapa wenyeji riziki ndio huohuo unaowatisha!

Kuhusu aibu: ndiyo, kwenye bafu la pamoja mnaingia uchi, ila wanawake kwao na wanaume kwao. Mama aoge kwanza kwa sabuni pale pembeni, ajisuuze vizuri, ndipo aingie. Kile kitaulo kidogo asikitumbukize majini, wengi hukiweka kichwani. Dakika tano hadi kumi zinamtosha kwa kuanzia, kisha anywe maji. Akikataa kabisa kuvua, kule mjini kuna sehemu za kuloweka miguu tu, nguo zote mwilini.