Gemu la zamani linapogoma kuingia kwenye Nokia ya batani

Likizo iliyopita mpwa wangu alifukua Nokia N73 yangu kwenye mtoto wa meza, akaichomeka kwenye chaja, ikawaka. Basi hakunipa pumzi: Mjomba, niwekee gemu! Nilidhani kazi ya dakika tano. Ikala jioni nzima.

Kwanza, usihangaike kushusha kwa simu yenyewe. Kivinjari cha mwaka 2006 hakifungui tovuti nyingi za leo. Shusha kwa kompyuta, kisha rusha kwa Bluetooth. Ukikuta faili la .jar (gemu la Java) limejigeuza .zip, lirudishie tu jina la .jar, ndani ni kitu kilekile.

Kilichonitesa ni .sis, mafaili ya kusakinisha programu za Symbian, mfumo unaoendesha simu hizi. Nilikuwa na mafaili niliyotunza tangu enzi za Nokia 6600, nikajiambia zote si Symbian? Halikuingia hata moja. Ile 6600 ni S60 (jukwaa la Nokia lililojengwa juu ya Symbian) toleo la pili, N73 la tatu, na kuanzia hapo Symbian 9.1 haikubali tena programu za matoleo ya nyuma. Hakuna ujanja, tafuta lililotengenezewa toleo la tatu.

Nikalipata. Simu ikadai cheti chake kimekwisha muda! Toleo hili lilibana sana mambo ya saini, yaani vyeti vya kuthibitisha programu imetoka kwa nani (si bure, mwaka 2004 kirusi cha Cabir kilikuwa kikiruka simu hadi simu kwa Bluetooth), na saini hizo zina mwisho. Hapa dawa ipo: rudisha tarehe ya simu hadi karibu na mwaka gemu lilipotoka. Mimi niliweka 2008, likaingia bila swali. Ukimaliza weka tarehe ya leo.

Magemu ya Java hayana makuu hivyo, ila angalia kioo. N73 ni pikseli 240 kwa 320. Gemu la 176 kwa 208 lilijibanza kwenye kona kama stempu juu ya bahasha. Mara nyingi vipimo vimeandikwa kwenye jina la faili. La simu za kugusa achana nalo, litafunguka vizuri halafu likusubiri uguse kioo kisichosikia kidole.

Na gemu likiomba kutuma ujumbe mfupi, kataa, litakula salio. Mimi laini niliitoa kabisa kabla ya kumkabidhi mtoto.

Alicheza siku mbili, akarudia simu ya mama yake. N73 sasa inalala kwenye chaja upande wangu wa kitanda.