Stonehenge au Avebury?

SWALI: Mwezi wa Aprili nitakuwa London kwa binti yangu, na siku moja nataka kutoka mjini nikaone mahali pa kale huko mashambani. Kila mtu ananitajia Stonehenge, lile duara la mawe ya kale. Sina gari, na sipendi kutazama vitu kwa mbali. Niende wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Nenda Avebury, kijiji cha Wiltshire, magharibi mwa London. Stonehenge, kwa tiketi ya kawaida, unazunguka kwa nje tu. Avebury unaingia katikati ya mawe bila kiingilio, na kuyagusa ruksa. Ndilo duara la mawe kubwa kuliko yote duniani, kiasi kwamba sehemu ya kijiji, barabara na baa yake, imo ndani.

Panda treni kituo cha Paddington, London, hadi Swindon, kama saa moja, kisha basi namba 49 linaloelekea Devizes. Ondoka asubuhi, na kabla ya kushuka ujue basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Jumapili mabasi hupungua.

Anza kwa kuzunguka juu ya tuta la udongo linalolizingira duara. Handaki lililo chini yake lilichimbwa kwa pembe za kulungu, likafika kina cha mita 9 hivi. Leo limejaa udongo zaidi ya nusu. Mvua ikinyesha, chaki ya pale huteleza vibaya, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno. Vinguzo vya zege utakavyoviona vinaonyesha mawe yaliyopotea. Karne ya 17 na ya 18 wanakijiji waliyachoma moto, wakayamwagia maji baridi yapasuke, wakajengea nyumba. Mengine yalikuwa yamezikwa; katika miaka ya 1930 mwanaakiolojia Alexander Keiller aliyafukua na kuyasimamisha tena.

Usiishie hapo. Fuata njia ya miguu kuelekea kusini, ukipita kilima cha Silbury, kilichojengwa kwa mikono ya watu (kukipanda hairuhusiwi), uvuke barabara ya A4 kwa uangalifu, maana magari huenda kasi, kisha upande hadi West Kennet, kaburi la miaka 5,600 hivi. Ni kama kilomita 2.5 kwenda tu. Beba tochi: vyumba vitano vya mawe vimo ndani, mna giza, na sakafu huweza kuwa na maji. Kwetu sisi, kaburi hili ndilo linaloishinda Stonehenge.

Atakayekwenda Juni aepuke tu tarehe 20 na 21, siku ndefu kuliko zote za mwaka huko, watu hufurika.