Mfumo wa oda upo, daftari nalo lipo: tuanzie wapi?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni msimamizi wa timu ya mauzo ya jumla, tupo saba, wanne wanapokea oda, wawili stoo, na mimi. Oda zinakuja kila njia, WhatsApp, simu, imeili, wengine wanapiga picha karatasi waliyoandika kwa mkono, wengine voisi ya dakika tatu redio inapiga kelele nyuma. Bosi kanunua programu ya kupokea oda, ile inayosoma meseji yenyewe na kutengeneza oda, wakaja kutufundisha siku moja wakaondoka. Leo ni wiki ya pili, watu wanaandika kwenye daftari kwanza halafu jioni ndo wanaingiza kwenye mfumo, kazi imekuwa mara mbili. Na juzi mteja kaomba betri 10 tukampelekea katoni 10. Bosi anasema timu ni wazembe, timu inasema mfumo mbovu. Niwarudishe wote darasani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Darasani usiwarudishe, utawachosha bure. Watu wako sio wazembe na mfumo pengine hauna ubaya wowote, ila mmeupa kazi ya kuwaelewa wateja bila kuuambia wateja wenu wanaongeaje. Mteja akiandika "nipe zile za bluu kubwa kama za juzi", nani hapo anajua ni bidhaa gani? Lazima yupo mmoja, mara nyingi ni yule aliyekaa kwenye simu miaka mingi, yeye anajua kabisa huyu akisema bluu kubwa anataka sabuni ya lita 5 na yule mwingine akisema hivyohivyo anataka ndoo. Hayo yote yapo kichwani kwake, kwenye mfumo hayapo. Kwa hiyo wiki hii kazi yako ni kukaa naye, chukueni meseji za wiki mbili zilizopita mpitie moja moja, kila jina la utani mnalokutana nalo liandikwe pembeni ya namba ya bidhaa yake. Programu nyingi za aina hii zina sehemu ya kuweka majina mengine ya bidhaa, na baadhi zinakubali jina liwe la mteja mmoja tu. Sehemu hiyo watu wanairuka kwa sababu inachosha.

Tuje kwenye betri zako. Tuseme pakiti ina betri 4 na katoni ina pakiti 12, maana yake katoni moja ni betri 48 na katoni 10 ni betri 480. Mteja kaandika "betri 10", hakusema kumi nini. Mtu anayemjua angekumbuka huyu siku zote anachukua pakiti, angeandika pakiti 10 yameisha. Mfumo hakuna aliyeuambia, nahisi ulichukua kipimo kilichowekwa kwanza kwenye bidhaa, na aliyeingiza bidhaa aliweka katoni kwa kuwa nyie wenyewe mnanunua kwa katoni. Kwa hiyo kila bidhaa iwekewe vipimo vyake vyote na hesabu ya ngapi zinaingia kwenye ngapi, kila mteja awekewe kipimo chake cha kawaida, na pale ambapo hakijulikani oda isimame mpaka mtu aiangalie. Usikubali mfumo ubahatishe kipimo. Ukibahatisha jina la bidhaa mtu ataliona kwenye skrini na kushtuka, lakini kipimo kikikosewa kila kitu kinaonekana safi, jina ndo lenyewe, 10 ni ileile, macho yanapita hivi hivi mpaka gari linashusha.

Na orodha ya bidhaa mliipakia kutoka kwenye Excel? Kaiangalie tena. Namba ya bidhaa kama 00417 Excel inakula zile sifuri za mbele inabaki 417, na barkodi ya tarakimu 13 inakuonyesha kitu kama 5.90123E+12, ukiseivu hivyo kama csv (faili la maandishi matupu) barkodi imekufa hairudi. Safu ya namba iweke iwe maandishi kabla hujabandika chochote. Halafu barkodi ya katoni mara nyingi sio ya kipande, ya kipande aghalabu ina tarakimu 13 na ya katoni aghalabu 14, kila moja ikae kwenye kipimo chake.

Mimi niliwahi kukaa kaunta ya jumla zamani, nikatuma katoni badala ya dazani kwa sababu nilishindwa kusoma mwandiko wangu mwenyewe, na hapo hatukuwa na kompyuta wala nini. Kwa hiyo wanaosema daftari halikosei nawasikia tu.

Orodha ikikaa vizuri, usihamishe wateja wote kwa mkupuo. Chagua watano. Wasiwe wakubwa kuliko wote, wawe wale wanaoagiza vitu vilevile kila wiki na meseji zao zinasomeka, yule wa voisi na redio mwache mwisho kabisa. Kwa hao watano daftari linafungwa siku hiyohiyo, wengine waendelee kama zamani, na uwaambie watu tarehe kundi linalofuata linaingia lini, maana "tutaendelea na vyote viwili mpaka tuzoee" ndo hiyo mnayoifanya sasa hivi na hamtazoea.

Halafu nikuambie kitu, daftari linauawa na stoo. Stoo wakikubali kutoa mzigo kwa karatasi iliyochanwa, watu wataendelea kuchana karatasi. Weka sheria moja tu, mzigo wa wale watano hautoki bila namba ya oda ya mfumo, hata bosi akipiga simu mwenyewe. Ila na stoo nao wapate chao, karatasi ya kukusanyia mzigo ipangwe kwa mpangilio wa rafu, wasizunguke stoo nzima mara tatu kwa oda moja. Mtu wa stoo akiona miguu yake imepona ndo atakuwa mkali kuliko wewe kudai namba.

Oda za simu ziingizwe simu ikiwa bado sikioni, umsomee mteja palepale bidhaa, idadi na kipimo, umpe namba. Ile namba inasaidia sana kwa sababu kuna wateja wanatuma meseji, halafu wanapiga kuhakikisha, halafu mhasibu wao anatuma imeili ya kitu kilekile, mkija kushtuka mmepakia mara tatu. Mwingine anakuja saa tano anaandika "ongeza ziwe 3", na mwenzake anaandika "ongeza 3". Ya kwanza jumla ni 3, ya pili ni 3 juu ya zile za mwanzo. Mabadiliko ya namna hiyo yasipite bila mtu kusoma.

SWALI: Bosi anataka programu ikishasoma meseji oda iende moja kwa moja kwenye invoisi bila mtu kugusa, anasema ndo maana kalipia. Ni sawa?

JIBU: Itakuja kuwa sawa, sio leo. Kwa sasa mfumo utengeneze rasimu, mtu aipitie aikubali, na kila anapoirekebisha aandike sababu kwa neno moja tu, jina, kipimo, idadi au bei. Ijumaa zihesabu. Kama nyingi ni jina rudi kwenye orodha, kama ni kipimo unajua pa kwenda. Mteja ambaye rasimu zake zimepita wiki kadhaa bila kuguswa huyo mruhusu apite mwenyewe, mradi idadi ikizidi sana mazoea yake oda isimame. Picha za mwandiko wa mkono mimi nisingeziruhusu kabisa, 1 na 7 za watu wengine hata mama yao hawezi kuzitofautisha. Bei nayo itoke kwenye orodha yenu ya bei ya huyo mteja, sio kwenye meseji yake, na aliyevuka kikomo cha mkopo oda yake isubiri mtu wa kuamua. Mpelekee bosi hizo hesabu za Ijumaa, akiona marekebisho yanapungua atatulia.

SWALI: Anti la mwisho, tunatumia akaunti moja wote wanne, pasiwedi imebandikwa ukutani. Kuna shida?

JIBU: Bandua leo. Kila mtu na akaunti yake, la sivyo zile katoni 10 za betri ukifungua historia ya oda utakuta jina moja kwa watu wanne, na hapo ndo mtaanza kurushiana lawama.