Kapu la mboga chuoni: majibu kwa wanaotaka kuanza na walioanza wakakwama

Tangu vyuo vifunguliwe, wanaoniandikia zaidi ni wanafunzi, na wengi wanauliza habari za mpango mmoja. Wanachama wanachanga fedha mapema, fedha inakwenda kwa mkulima wa jirani, naye kila wiki analeta kapu la mboga na matunda kwa kila aliyechanga. Wanafunzi wenyewe ndio wanaouendesha. Nimechukua maswali machache, nikayafupisha, na majina nimeyaacha.

Tuko wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa pili hapa Morogoro. Tutafute mkulima kwanza, au tuongeze wanachama kwanza?

Tafuteni ratiba ya chuo kwanza. Ibandikeni ukutani, mweke alama wiki za masomo, wiki za mitihani, likizo fupi, na ile miezi ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, ambayo chuo kinabaki na walinzi na paka. Wiki zinazobaki ndizo za kapu. Makundi mengi ninayoyajua hayakuuawa na mboga mbaya. Yaliuawa na mkulima kuvuna wiki ambayo hakuna mtu hosteli.

Kisha nendeni kwa mkulima, tena muhula mmoja kabla. Mchicha anaupanda leo na kuung'oa baada ya wiki tatu au nne, lakini kabichi na karoti zinataka kama miezi mitatu. Mkimfuata wiki ya kufungua chuo, atawauzia alichowapandia wengine, na hapo mmekuwa wateja kama wateja wengine wa Soko la Chifu Kingalu, ila nyie mmelipa kabla.

Morogoro mna bahati ya milima. Nyanya mtazipata Mlali, na Mgeta ina karoti, kabichi, njegere, viazi mviringo na mafyulisi kwa msimu wake. Tatizo la Mgeta ni barabara wakati wa masika: mvua ya Machi hadi Mei ikiamua, gari halishuki. Kwa hiyo msimtegemee mkulima mmoja wa juu. Mmoja awe mlimani na mwingine bondeni karibu na mji, hata kama wa bondeni ana mchicha, matembele na bamia tu.

Mkifika shambani msianze na bei. Amkieni, kaeni, mwonyeshwe shamba. Mwulizeni maji ya kiangazi anayatoa wapi, sasa hivi anamuuzia nani, na anamuuzia kwa kipimo gani. Hilo la mwisho lina uzito. Mkulima aliyezoea kupakiwa lumbesa, gunia lenye kofia juu linalolipwa kama gunia moja, akisikia kuna watu wananunua kwa kilo atakaa vizuri kwenye kigoda. Njooni na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na ibaki kwake.

Na wanachama? Kumi na wanne wanatosha. Maliza muhula mzima na hao kabla ya kutangaza kwenye kundi la darasa.

Wanachama wote wanasema "nipo", siku ya kulipa simu hazipokelewi. Tufanyeje?

Kusanyeni bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia, siku hiyohiyo, kabla halijafika kwenye viatu. Mnufaika wa mkopo analipwa na Bodi ya Mikopo Sh10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, lakini hailetwi kila siku. Inakuja kwa mkupuo, na mkupuo una tabia zake. Tuseme kapu ni Sh6,000 na muhula una wiki 15 za mgao. Hiyo ni Sh90,000, ambayo inalipika mara mbili, Sh45,000 kila mara, yaani fedha ya siku nne na nusu. Mwambieni mtu hesabu hiyo ana kwa ana, asiisome kwenye tangazo.

Kwenye Sh6,000 hiyo, ningependa kuona Sh4,500 inafika kwa mkulima, Sh900 inalipa usafiri, na Sh600 inabaki kwa hasara: tenga lililopondeka, wiki ambayo gari limekwama, kapu la mgonjwa. Msijilipe posho. Najua mtachukia hili, lakini kundi la wanafunzi likianza kujilipa linageuka dalali mwenye kitambulisho cha chuo, na mkulima ana madalali wa kutosha.

Fedha ikae kwenye akaunti ya kikundi inayotaka watu watatu kuidhinisha, wasiwe wa chumba kimoja. Mkulima apewe fedha ya mbegu na mbolea mwanzoni, inayobaki apewe kila baada ya wiki kadhaa kadiri anavyoleta. Mkimpa yote siku moja mnamtwisha kishawishi, na mkimpa yote mwishoni mtakuwa mmemkopa nyie.

Ambaye hana mkopo asiachwe nje. Mpeni kazi ya kufungasha na kupima kila siku ya mgao, alipe nusu. Ila nafasi hizo ziwe za kuhesabika, na orodha yake aione mweka hazina peke yake. Hakuna anayependa kutangazwa kwamba kapu lake ni la nusu bei.

Mimi niko Juja, Kenya. Tumeanza vizuri, lakini mama mboga wa nje ya geti ametununia. Anasema tunamwibia wateja. Je, ana haki?

Ana haki ya kununa, ndiyo. Huyo mama ndiye anayewakopesha sukuma ya ishirini fedha ya HELB, bodi yenu ya mikopo, ikichelewa. Kapu lenu haliwezi kufanya hivyo, maana nyie mnadai malipo mbele. Mkimmaliza yeye kisha nyie mkahitimu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza watabaki bila kapu na bila mama mboga.

Kamsalimuni, mkae naye, mumwulize anachouza sana na asichouza. Mara nyingi atawaambia anauza sukuma, nyanya, vitunguu na dania, kwa sababu ndivyo vinavyotoka haraka. Basi nyie achaneni na hivyo. Jazeni kapu managu, terere, saga, kunde, viazi vitamu, nduma na matunda. Hapo mnamwachia biashara yake na bado mnamnunulia mkulima mboga ambazo wanunuzi wa jumla hawazitaki.

Halafu kuna kazi ambayo nyie hamuiwezi. Mwangalieni akikata sukuma: anakunja majani kumi kwa pamoja kama sigara kubwa, kisu kinapita bila yeye kutazama, na nyuzi zinatoka nyembamba kama za mashine. Managu na saga zinachosha kuchambua, na ndiyo sababu mwanafunzi anaziacha zioze chini ya kitanda. Mlipeni mama achambue, kwa bei mtakayokubaliana kwa kila kapu. Yanayobaki siku ya mgao auziwe yeye kwa bei ya shambani. Akikataa yote hayo, mtakuwa mmemheshimu, na hilo nalo ataliongea na wenzake.

Hosteli yetu imepiga marufuku kupika. Mboga za nini?

Msilete mboga za kupika. Karoti, matango, nyanya, maparachichi, ndizi, machungwa na mapapai haviombi jiko. Kapu la matunda matupu ni mgao halali kabisa, na linafaa kuanzia kwa sababu makosa yake ni machache. Wanaokaa mtaani kwenye mageto, wenye mitungi yao ya gesi, waandikisheni kapu la mboga. Mnaweza pia kuongea na mama lishe apokee makapu ya watu watano na kuwapikia kwa wiki. Kuingiza jiko la umeme kinyemela sitakushauri, umeniuliza mboga tu.

Mkulima wetu hatumii dawa za viwandani. Tunaweza kuandika kwenye bango kwamba mboga zetu ni za kilimo hai?

Andikeni mnachokijua: "Mkulima wetu hatumii dawa za viwandani, karibuni shambani mwone." Alama ya Kilimohai, ile inayobandikwa kwenye mazao ya kilimo hai, ina utaratibu wake. Inakwenda na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007, na mkulima lazima awe amekaguliwa. Kwa mkulima mdogo kuna uhakiki shirikishi, ambapo wakulima wa kikundi wanakaguana wenyewe kwa utaratibu unaotambulika. Hauna gharama kama ule wa makampuni. Kwa Tanzania waulizeni TOAM, chama cha kilimo hai nchini, na kwa walio Morogoro hata mbali hamna haja ya kwenda, shirika la SAT (Sustainable Agriculture Tanzania) lina watu wake hapohapo mjini na wanafanya kazi na wakulima wa Uluguru.

Kama mkulima wenu anapulizia, msimfukuze. Mwombeni awaonyeshe kopo. Kwenye kibandiko imeandikwa siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, na hizo ndizo mtakazoziandika kwenye makubaliano. Nyanya iliyopuliziwa na kusubiriwa ni bora kuliko "asilia" ya mdomoni.

Mchicha unatoka shambani mzuri, unafika chuoni umelala. Tumejaribu kuumwagia maji lakini ndiyo unaoza.

Tatizo lenu liko kwenye saa ya kuvuna. Mchicha uliong'olewa saa tano asubuhi umeshachomwa na jua, na maji mtakayoumwagia baadaye yanaozesha tu. Mwombeni mkulima ang'oe alfajiri, umande ukiwa bado upo, aweke kivulini mara moja, mizizi ikiwa na udongo wake. Asibane mafungu kwenye kiroba. Tenga lenye matundu, majani yakisimama wima, juu yake gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, linatosha kwa safari ya saa mbili tatu. Mifuko ya plastiki sahauni. Tanzania Bara imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata isingepigwa, majani yanatoka jasho humo.

Chuoni, tengenezeni kabati la mkaa. Ni fremu ya mbao yenye kuta mbili za wavu, katikati mmejaza mkaa, na mkaa unamwagiwa maji mara kadhaa kwa siku. Maji yakikauka yanaondoka na joto na ndani panapoa. Kiangazi linafanya kazi vizuri. Masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, faida yake inapungua, kwa hiyo wiki hizo gaweni siku ileile.

Na msipange ndizi mbivu au maparachichi pamoja na majani. Yanapoiva yanatoa gesi inayoyageuza majani kuwa ya njano. Nimeona kapu zuri kabisa likiharibiwa na ndizi nne.

Rafiki yangu anasema huu ni mtindo wa Wamarekani, kwetu hautashika.

Wajapani walikuwa nao miaka ya 1970, wakiuita teikei. Marekani mashamba mawili yalianza mwaka 1986, Indian Line Massachusetts na Temple-Wilton New Hampshire. Kwetu, watu wanaochanga fedha kila wiki na kupeana kwa zamu hawajawahi kuhitaji kufundishwa. Mwambie rafiki yako aje siku ya mgao.

Likizo ndefu ndiyo kiangazi, mkulima wetu ana maji na mboga zimejaa, sisi tuko fildi. Anatulaumu.

Analaumu kwa haki kama hamkumwambia. Mkulima hafungi chuo. Wenzenu wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, ambako theluji inaanguka miezi mingi, shamba lao la wanafunzi limewahi kuendesha mgao wa wiki 48 kwa mwaka, wakipanda majani ndani ya mahema ya plastiki yasiyo na moto. Waliweza kwa sababu wanachama wao hawakuwa wanafunzi peke yao.

Hapo ndipo pa kushika. Mwanafunzi anaondoka, lakini mhadhiri, katibu muhtasi, mpishi wa kafteria, nesi wa zahanati ya chuo na walinzi wapo mwaka mzima, na wana majiko. Theluthi moja ya makapu ikiwa ya wafanyakazi, mkulima anapata pa kuuzia Agosti na nyie mnapata watu wa kulinda kundi mkiondoka. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi pia inasikiliza haraka zaidi ikiwa mmoja wa wanachama anakaa ghorofa ileile.

Msimamizi wa likizo mchagueni mapema, kati ya wanaofanya fildi hapohapo mjini. Akabidhiwe mizani, daftari na namba ya mkulima kwa maandishi, mweka hazina akishuhudia.

Kila wiki makapu matatu manne hayachukuliwi. Tuwarudishie wenyewe fedha?

Hapana. Mkulima ameshalima, gari limeshalipwa. Wekeni sheria siku ya kwanza: mgao ni Jumatano saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, asiyekuja amtume mtu, na ikifika saa moja kapu linakwenda kwa anayefuata kwenye orodha ya kusubiri au kwa mama lishe kwa nusu bei, fedha inaingia kwenye mfuko wa hasara. Anayekosa mara tatu mfululizo mpigieni simu kabla ya kumkata, kwa sababu wakati mwingine anaumwa na hakuna aliyejua.